Picha Niliyoileta Kutoka Tlawi

Wote mlioniona nikishuka stendi ya Babati na kamera shingoni mliniuliza safari ilikuwaje, nami nikawajibu wote kwamba ilikuwa nzuri. Rehema aliuliza tena wiki iliyofuata, nikabadilisha mazungumzo. Naona heri niandike mara moja, kila mmoja wenu asome, kuliko kuendelea kuwapa jibu ambalo mimi mwenyewe silikubali.

Mnaijua kazi yangu. Nakaa kwenye duka la steshenari, natoa kopi, napiga picha za pasipoti. Mwaka huu nilianza kupeleka picha kwenye duka moja la mtandaoni, ambako mtu yeyote duniani anayehitaji picha ya kuweka kwenye tangazo, kitabu au tovuti anaichagua, anailipia na kuitumia anavyotaka. Nilipeleka nyingi na hakuna iliyonunuliwa. Kwenye kundi letu la WhatsApp la wanaoanza yupo kijana wa Moshi anayeitwa Elia, aliyetutangulia sana katika kazi hiyo. Nilimwomba aupitie ukurasa wangu aniambie ukweli.

Akanitumia ujumbe wa sauti. "Dada Paskalina, una maua, una jua linazama, una kikombe cha chai mezani, halafu una maua tena. Hivyo vitu kila mtu anavyo. Watu wako wapi? Wewe una ndugu wanalima, wanafuga, wanapika. Nenda kawapige wakiwa kazini. Fuata mwanga wa asubuhi na ule wa jioni, na pembeni ya mtu acha nafasi tupu, mnunuzi apate pa kuandika maneno yake."

Nikaomba ruhusa kazini, nikaazima kamera nzuri kwa rafiki, nikaondoka kuelekea kwa ndugu zangu Tlawi.

Babati hadi Dongobesh

Tulipita Dareda vizuri, tukaanza kupanda ukuta wa bonde la ufa. Katikati ya kona mbaya kuliko zote tukakuta lori la vitunguu saumu limelalia ubavu mtaroni, tairi za nyuma hewani. Hakuna gari lililoweza kupita, la kupanda wala la kushuka. Abiria tukashuka, tukakaa kwenye majani, harufu ya vitunguu imejaa mlima mzima.

Kando yangu alikaa mama mmoja mwenye kuku kwenye kikapu. Aliitazama kamera yangu.

"Wewe ni wa wale wanaopima barabara?"

"Hapana mama. Shikamoo. Mimi napiga picha tu."

"Marahaba. Picha za nini?"

"Za watu wakiwa kazini. Ninaziuza kwenye intaneti."

"Nani anazinunua?"

"Mtu yeyote. Wengi wako nje, Ulaya huko."

"Mtu anunue picha ya mtu asiyemjua?"

"Wananunua, mama."

"Kwani huko kwao hawana watu?"

Nikacheka, naye akacheka, kuku akapiga kelele.

Ikaletwa kamba nene, na wanaume wakaanza kulivuta lile lori kwa pamoja. Niliona picha pale. Migongo imejikunja, vumbi limechukua mwanga, nyuso zimekaza. Nikainua kamera. Utingo wa basi letu akaniita, si kwa ukali, "Dada, shika kamba kwanza." Nikaona aibu, nikairudisha kamera kwenye begi na kushika kamba pamoja na wengine. Lori lilipokaa sawa sikuwa na picha hata moja, na nilipanda tena basi nikiwa nimenuna. Nilijiambia kwamba kwa tabia hii ya kuona aibu sitafika popote, na mara nyingine sitasikiliza mtu. Hasira ile ilikuwa ya kijinga, lakini niliibeba hadi Tlawi.

Dongobesh, siku ya mnada

Nililala Dongobesh kwa sababu kesho yake ilikuwa mnada. Niliwaza kupiga wauza viatu vya mitumba, mama wa mbege, vijana wanaobishania mbuzi. Nikachagua mahali penye mwanga mzuri karibu na ukuta wa duka la pembejeo, nikatoa kamera.

Kabla sijapiga chochote kijana mmoja akaita wenzake kwa Kiiraqw, nikasikia neno "kitambulisho" katikati. Muda si mrefu watu walikuwa wamejipanga mbele yangu. Walidhani nimetumwa kupiga picha za vitambulisho. Nikawaeleza kwamba sivyo. Wa mbele wakaelewa, wa nyuma hawakusikia, na wale walioelewa nao wakasema basi piga tu, maana tayari tumeshachana nywele.

Akaja mzee mmoja aliyevaa koti la suti juu ya sweta, na mkewe nyuma yake. Nikamwamkia.

"Marahaba. Nipige na mama huyu," akasema. "Hatuna picha ya pamoja."

"Babu, sina mashine ya kuitoa hapa."

"Utaitoa kwenu. Mabasi yanakuja kila siku."

Nikawapiga, lakini kwa haraka, huku macho yangu yako kwa muuza mikeka nyuma yao. Jua lilikuwa limepanda, vivuli vimekaa machoni, na nilijua duka la mtandaoni litaikataa. Sikuwaambia wasogee kivulini. Ningemwambia bibi ainue kidevu kidogo tu, ingekuwa picha ya kutundika ukutani. Nilipofika nyumbani niliitengeneza kadiri nilivyoweza, nikaichapisha na kumpa dereva aipeleke kwenye lile duka la pembejeo. Amesema aliiacha hapo. Kama mzee aliifuata, sijui. Uso wa bibi uko nusu gizani.

Mbulu mjini

Nikaendelea hadi Mbulu mjini kuchaji betri, na ukungu ukanifunga huko. Wageni hudhani Tanzania yote ni joto. Mwezi wa sita Mbulu mtu anakunywa chai amevaa koti na bado anataka kukaa jikoni. Nilishinda kwenye mgahawa mmoja nikila maandazi, nikiangalia barabara inavyopotea mbele ya mlango. Kila bodaboda niliyemwita alisema tungoje kidogo, haoni mbele. Ukungu ulipoinuka tulitelemka na kupanda vilima hadi Tlawi nikiwa na vidole vilivyokufa ganzi.

Tlawi

Baba yangu, mnajua, alifariki nikiwa sekondari. Kaka yake mkubwa, Baba Mkubwa Akonaay, ndiye aliyebaki na shamba la familia pale Tlawi pamoja na mke wake, Mama Mkubwa Katarina. Watoto wao wako mijini. Nilikuwa sijafika kwao tangu mazishi ya bibi.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu." Akanishika mabega, akanigeuza kwenye mwanga. "Umekonda. Huko Babati mnakula nini?"

Nilikuja wakati mzuri. Maharage yalikuwa yameng'olewa na kukaushwa, yamerundikwa uwanjani tayari kwa kupigwa. Majirani walikuwa waje asubuhi na fimbo zao, wapige, wapepete, wajaze magunia, yaingie ndani kabla ya mchana. Nilisikiliza mpango huo jikoni huku nakula makande, na kichwani niliona mkusanyiko wangu wote mpya: fimbo hewani, makapi yakipepea, mikono imejaa maharage.

Asubuhi majirani walikuja, lakini ukungu ulikuwa haujatoka. Picha zangu zilitoka za kijivu, watu kama vivuli. Nikawaomba wangoje kidogo. Wakangoja, wakinywa chai. Ukungu ulipotoka ulitoka wote kwa pamoja, jua likawa kali, na picha zikawa na vivuli vyeusi. Watu walipiga maharage vizuri na kuimba vizuri, na mimi nilikuwa nazunguka nikipima mwanga na kusononeka.

Lilipobaki rundo la upande wa chini nikamwendea Baba Mkubwa.

"Baba Mkubwa, hili lililobaki, linaweza kungoja jioni? Mwanga wa jioni ni laini. Picha zingekuwa nzuri sana."

Akatazama juu, upande wa magharibi. "Hili anga silielewi," akasema.

"Lakini sasa si msimu wa mvua."

"Si msimu, ndiyo. Lakini hayo tuliyopiga yamekaa kwenye turubai, hayajapepetwa."

Mama Mkubwa alikuwa karibu na ungo wake. Alisema, "Mtoto ametoka mbali. Tuyaache yote hapo mpaka jioni, tupige na kupepeta kwa pamoja, apate picha zake."

Baba Mkubwa hakubisha. Majirani wakaenda kwao, wakasema watarudi. Nilifurahi. Nilikwenda kutembea ukingoni mwa shamba nikichagua pembe, na nikajipongeza kwamba safari hii nimesema ninachotaka.

Mchana uliposogea nikaanza kumpanga Mama Mkubwa. Nikamwomba avue sweta lake lililotoboka viwiko. Nikamwomba abadilishe kanga, avae ile ya kijani. Nikaondoa ndoo ya plastiki iliyokuwa karibu kwa sababu rangi yake ilikuwa inavuta macho. Alifanya kila nilichomwambia, akitetemeka kidogo kwa baridi na kunicheka. "Hata siku ya harusi yangu sikupangwa hivi."

Upepo ukabadilika. Baba Mkubwa alitoka nyuma ya nyumba akikimbia, na mtu wa umri wake akikimbia unajua kuna jambo. Mvua haikuanza kwa manyunyu. Iliangushwa. Mama Mkubwa akashika ncha moja ya turubai, Baba Mkubwa nyingine, wakajaribu kulikunja juu ya maharage, lakini lilikuwa zito, na ncha mbili za upande wangu hazikuwa na mtu.

Nilikuwa nimeinua kamera.

Sijui kueleza vizuri zaidi ya hapo. Nilimwona Mama Mkubwa kwenye kioo cha kamera, amepiga magoti, maji yanatiririka usoni, mikono miwili inazuia maharage yasiondoke na maji, na macho yake yameinuka. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Ndipo nikasikia Baba Mkubwa akiita jina langu, nikaiweka kamera ndani ya koti na kukimbilia ile ncha. Maji yalikuwa yameshaingia kati. Maharage yaliyopigwa yalikuwa yanatoka chini ya turubai na kushuka na udongo kuelekea mtaroni, mekundu, kama yameamua kuondoka. Yale ya rundo la chini yalilowa hadi katikati.

Mvua ilikatika ghafla kama ilivyokuja. Jioni ile mwanga ulikuwa mzuri kuliko wote niliouona katika safari nzima. Hatukuutumia. Tuliinama wote watatu tukiokota maharage kwenye matope, na majirani waliporudi na fimbo zao waliziweka chini wakainama nasi.

Niliwaomba msamaha. Baba Mkubwa alisema, "Mvua haikutoka kwako." Mama Mkubwa alisema niende nikabadili nguo nisije nikaugua.

Na jogoo alikuwa ameshachinjwa kwa ajili yangu tangu mchana. Tulikula wote jikoni, majirani nao, kuku na ugali na maziwa ya mgando. Mama Mkubwa aliendelea kunirundikia nyama kwenye sahani. Nikisema nimeshiba, anasema bado. Alisimulia nilivyompanga kama bibi harusi, watu wakacheka sana. Alinitunza kama vile ni mimi niliyepoteza kitu.

Asubuhi nilimwonyesha ile picha kwenye kioo cha kamera. Sikuwa na uhakika kama nifanye hivyo. Aliisogeza mbali na macho yake, akaisogeza karibu.

"Huyu bibi ndiyo mimi?"

"Ndiyo wewe."

"Mvua imenionea." Akacheka. "Itakusaidia hii?"

"Inaweza kunisaidia. Lakini usipotaka, naifuta."

"Watajua kwamba ni Katarina wa Tlawi?"

"Hapana. Hatuweki jina."

"Basi weka, kama itakusaidia."

Alitia sahihi ya kukubali kwa kidole chake kwenye simu yangu, kama duka lile la mtandaoni linavyotaka. Alidhani anamsaidia mtoto wa marehemu shemeji yake kupata kazi. Nami nilimwacha adhani hivyo kwa sababu ndivyo nilivyodhani pia.

Basotu

Kwenda Hanang, ambako nilitaka kupiga wafugaji, nilizunguka kupitia Haydom. Gari lilingoja abiria hadi wengine wakakata tamaa wakashuka, na kila aliposhuka mmoja tulilazimika kungoja zaidi. Nilifika Basotu nimechoka, nikaingia kwa mama lishe mmoja karibu na ziwa. Aliniletea perege wa kukaanga na ugali, akakaa mbele yangu maana hakukuwa na mteja mwingine.

"Samaki mbaya?"

"Mzuri, mama."

"Mbona unamchezea?"

Nikamweleza habari ya maharage. Alikuwa mtu wa kwanza kumweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Ulisaidia kuyaanua?"

"Mwishoni."

Alikwenda jikoni akanirudia na mchuzi, akaumimina kwenye ugali wangu, akasema nile kabla haujapoa. Sikumpiga picha. Hata kamera sikuitoa.

Dirma

Pale Dirma nilikuwa na mwenyeji, Mwalimu Yusta, tuliyesoma naye. Anafundisha shule ya msingi na anaongea Kidatoga vizuri, kwa hiyo jioni alinipeleka kwa jirani yake mfugaji, Gidamis, ambaye ng'ombe wake walikuwa wanarudi zizini. Mlima Hanang ulikuwa umefunguka wote nyuma yao, bila wingu hata moja kileleni. Nilisahau huzuni yangu kwa muda.

Yusta akamweleza kwamba mimi napiga picha za kuuza. Gidamis akaniangalia, akaangalia kamera, akatingisha kichwa na kusema maneno mengi.

"Anasema hauzi," Yusta akaniambia.

"Hauzi nini?"

"Dume lake. Anadhani umekuja kulipiga picha uwapelekee wanunuzi wa mnadani."

Tukachukua muda kulinyoosha hilo. Alipoelewa kwamba ninachotaka ni picha ya watu, yeye na mkewe wakikamua, alizungumza na mkewe pembeni. Mkewe alikuwa na bangili za shaba mikononi na mtoto mgongoni. Jibu likarudi kupitia kwa Yusta: uso hapana. Mikono ikikamua sawa. Uso ni wa watu wanaomjua.

"Na dume?" nikauliza, nikitania.

Hapo Gidamis akafurahi. Kwa kuwa dume haliuzwi, kumbe lingeweza kupigwa picha. Alilitoa katikati ya wenzake, akalifuta matope ubavuni kwa kiganja, akalisimamisha upande wa mlima, akanionyesha nisimame wapi. Dume likigeuza kichwa anaongea nalo, linarudi. Tulikaa na dume lile mpaka jua likazama. Nilipiga mikono ya mkewe na maziwa yakiingia kwenye kibuyu, na dume katika kila pembe ambayo mwenyewe aliitaka. Kisha tulipewa maziwa yenye ladha ya moshi, tukanywa tumesimama, na nikamwonyesha Gidamis picha zake moja baada ya nyingine. Alitaka kuona ile ya pembe mara nyingi.

Njiani kurudi Yusta aliniambia nimepata kidogo. Nilikubali. Nilikuwa nimesafiri mbali kutafuta nyuso na ninarudi na dume. Lakini nilijifariji kwamba nina ile moja ya Tlawi.

Nyumbani

Nilimtumia Elia zote. Za mnada akasema za kawaida. Dume akasema zuri lakini madume yako mengi. Mikono ikikamua akasema peleka. Ilipofika ile ya mvua hakutuma sauti, alipiga simu.

"Dada, hii ni kazi. Hapa umefika."

Nikaipeleka, ikapita. Haikukaa sana ikanunuliwa, ya kwanza yangu kununuliwa tangu nianze. Ile siku ndiyo mliyoniona nikinunua soda kwa kila mtu dukani. Huko Tlawi, siku hizo hizo, mnunuzi wa maharage alikuwa amepita nyumba kwa nyumba. Kwa Baba Mkubwa alichambua kwa mkono, akaonyesha yaliyogeuka rangi na yaliyoanza kuota, akaenda kwa jirani bila kununua. Nilisikia kwa binamu yangu, si kwao.

Elia ndiye aliyenifundisha namna ya kuitafuta picha kwenye simu uone inatumikaje. Niliitafuta kwa furaha, nikidhani nitaikuta kwenye gazeti au kwenye kitabu cha kilimo. Niliikuta kwenye ukurasa wa watu wa mbali wanaoomba michango. Mama Mkubwa alikuwa amejaa kioo chote cha simu, macho yameinuka, maji usoni yanaonekana kama machozi, na pembeni yake maneno ya lugha nisiyoijua. Nikayatafsiri kwa simu. Yalisema kwamba mwanamke huyu hajala tangu jana na hana mtu wa kumpikia wala wa kumlisha.

Nilikaa na simu ile mkononi mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimepata msiba.

Nilimwandikia Elia. Alinijibu kwa upole kwamba mnunuzi anaruhusiwa kuandika anachotaka, isipokuwa mambo machache, na kwamba mambo haya ndiyo yalivyo. Niliandikia duka lile la mtandaoni. Waliniondolea picha, lakini waliokwisha kuinunua wanabaki nayo. Wale wa michango niliwaandikia mara kadhaa kwa Kiingereza changu. Hawajajibu hadi leo.

Ningeweza kunyamaza. Tlawi hakuna ambaye angeona. Lakini Jumapili moja baada ya ibada Mama Mkubwa alipiga simu mwenyewe, sauti yake juu kwa sababu ya upepo.

"Paskalina. Ile picha yangu ilifika wapi? Wenzangu wa jumuiya wananiuliza."

"Ilinunuliwa, Mama Mkubwa."

"Ee. Wameifanyia nini?"

Nilitaka kusema kitabu. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Nikamwambia ukweli wote, hata maneno yaliyoandikwa.

"Wameandika sina mtu wa kunipikia?"

"Ndiyo."

"Na kwamba sijala?"

"Ndiyo, Mama Mkubwa. Nisamehe."

"Siku ile wewe ulikula kwangu?"

"Nilikula."

"Ulikula nini?"

"Kuku. Na ugali, na maziwa."

"Ulishiba?"

"Nilishiba hadi nikakataa."

"Basi waambie hivyo," akasema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayetuma salamu, mwenye hakika kwamba zitafika. Kisha akaniuliza kama bado nimekonda, akanipa salamu nimfikishie mama yangu, akakata simu.

Sijui namna ya kuwaambia watu wale. Sijui hata wako nchi gani. Lakini ninyi mliniuliza safari ilikuwaje, na ninyi najua mnapoishi. Kwa hiyo nawaambia: nilikwenda Tlawi kwa Mama Mkubwa Katarina, nikampotezea maharage yake, na jioni ile akanilisha mpaka nikashiba.